Mafuta ya bwati ya gari la zamani: jinsi ya kuyachagua bila kuua sinkro

Swali ni lile lile kila mara: "Nina Land Rover ya mzee, nitie mafuta gani kwenye bwati?" Ukijibu, la pili linafuata: "Lakini muuzaji ameniambia GL-5 ni kali kuliko GL-4, si ndiyo nzuri zaidi?" Hapana. Namba ile haipimi uzuri wa mafuta. Inaeleza yametengenezwa kwa kazi gani, na bwati nyingi za zamani hapa Lubumbashi zimeharibiwa na mafuta mazuri, ya bei, yaliyotiwa mahali pasipo pake.

Mwongozo huu ni wako kama una gari la miaka ya 1950 hadi 1980 lenye bwati ya vitesi (giaboksi) ya kubadilisha kwa mkono. Bwati za otomatiki zina habari yake nyingine, hatuzigusi.

Maandishi ya kwenye bidoni

Bidoni la mafuta ya gia lina maandishi mengi, lakini yanayokuhusu ni mawili: GL na namba yake, halafu unene wa SAE, kwa mfano 80W-90. Mengi ya yaliyobaki ni matangazo.

GL inaonyesha kiasi cha dawa inayozuia meno ya gia yasikwaruzane yanapobanana kwa nguvu. Dawa hiyo ni ya salfa na fosforasi, ndiyo inayoleta ile harufu unayoijua. GL-1 haina dawa hiyo. GL-4 ina kiasi cha wastani. GL-5 ina takribani mara mbili ya GL-4, kwa sababu ilikusudiwa gia za haipoidi: zile za po (difu) ya nyuma, ambako pinyo (gia ndogo) inaingia chini ya katikati ya koroni (gia kubwa ya duara), na meno yanateleza juu ya mengine huku yamebeba mzigo wote wa gari.

Ndani ya bwati kazi ni nyingine. Sinkro ni pete zinazosawazisha mwendo kabla gia haijaingia, na katika magari mengi ya zamani ni za shaba ya njano au bronzi. Pete hiyo lazima ishike koni ya chuma kwa kusugua, ndipo gia iingie kimya. GL-5 inaiumiza kwa njia mbili. Bwati ikipata joto, salfa inaila shaba taratibu. Na hata kama mafuta ni ya kisasa, yaliyowekewa kinga ya kulinda shaba, utelezi wake unaizuia pete isishike vizuri. Gia zinalia ilhali hakuna kilichochakaa. Kinyume chake pia ni kosa: ukitia GL-4 kwenye po ya haipoidi kwa sababu "ni salama", meno ya pinyo yatakwaruzika, na pinyo na koroni ni ghali kuliko sinkro.

Sasa unene. Mafuta ya gia na mafuta ya moteri (injini) hayapimwi kwa ngazi moja. SAE 90 ya gia ina sentistoki (kipimo cha unene) 13.5 hadi 18.5 kwenye nyuzi 100 za joto. SAE 40 ya moteri ina 12.5 hadi 16.3, na SAE 50 ina 16.3 hadi 21.9. Kwa hiyo 90 ya gia si nzito mara mbili ya 40 ya moteri; ni majirani. Usishangae basi ukikuta kiwanda kimeandika mafuta ya moteri kwenye ukurasa wa bwati. Hawakukosea.

Andaa haya kwanza

- Kitabu cha gari, au picha ya ukurasa wake wa mafuta. Cha Kifaransa au cha Kiingereza, chochote, mradi ni cha modeli yako na mwaka wako.
- Kle (spana) inayoingia barabara kwenye bushoni (kizibo) ya kujazia na ya kumwagia. Volkswagen Coccinelle inataka kle ya ndani ya pembe sita ya 17; Toyota nyingi za zamani zinataka 24; Renault ya zamani mara nyingi ina tundu la mraba la milimita 8.
- Kriki (jeki), pamoja na stendi au magogo ya mbao ngumu. Kriki peke yake si kitu cha kulala chini yake.
- Beseni, jeupe ikiwezekana, la lita 5.
- Bomba la mkono au sindano kubwa yenye mpira wa nusu mita.
- Kopo lenye alama za lita.
- Rondela (wosha) mpya za bushoni, za shaba nyekundu au aluminiamu kama zilizotoka.
- Sumaku, brashi ya waya, tochi, vitambaa visivyotoa nyuzi.

Huna kle ya ndani ya 17? Chukua boliti ya M10 ya aina ya zamani, ambayo kichwa chake ni 17. Funga nati mbili mwishoni, uzikaze moja dhidi ya nyingine, ingiza kichwa kwenye bushoni na uzungushe nati kwa kle ya kawaida. Inafanya kazi kuliko kle mbovu ya sokoni inayolegea na kuharibu tundu.

Hatua kwa hatua

1. Tambua bwati iliyomo ndani ya gari. Usitegemee jina lililoandikwa mgongoni. Katika miaka mingi ya kutafuta vipuri, Land Rover zimepewa bwati za Toyota, na pikapu za Peugeot zimepewa chochote kilichopatikana. Safisha ubavu wa bwati kwa brashi, soma namba zilizomo kwenye chuma, hesabu vitesi. Kama bwati si ya gari hilo, kitabu cha gari hakikusaidii tena kwa mafuta. Tafuta cha gari ambalo bwati ilitoka.

2. Hesabu vyumba vya mafuta. Hapa wengi wanateleza kabla hata hawajafika dukani. Coccinelle, Renault 4 na Citroën 2CV zina bwati na gia za mwisho ndani ya nyumba moja: mafuta ni ya aina moja, kwa yote. Mini ya zamani ya Uingereza imeenda mbali zaidi, bwati yake inaogelea katika mafuta ya moteri. Land Rover ya Series ina vyumba sita: bwati, transfa (sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma), po ya mbele, po ya nyuma, na mipira miwili ya chuma ambayo magurudumu ya mbele yanageukia. Kila chumba kina kiasi chake, na mara nyingine aina yake.

3. Soma kitabu, kisha ugeuze majina ya zamani. Vitabu vya wakati ule havitaji GL kila mara. Jigeuzie hivi:

- "SAE 90 EP" au "EP 90" kwenye ukurasa wa bwati (EP ni ile dawa ya meno yanayobanana kwa nguvu): leo ni 80W-90 GL-4.
- "MIL-L-2105" bila herufi mwishoni: GL-4. "MIL-L-2105B" na zilizofuata: GL-5.
- "SAE 90 ya madini", bila EP: GL-1. Hii ni ya magari makongwe zaidi.
- "Hypoid 90" kwenye ukurasa wa po: GL-5. Lakini ukiikuta kwa Coccinelle, ambayo bwati na po vimo pamoja, usikimbilie GL-5, inataka GL-4.
- "Huile moteur": mafuta ya moteri, kama yalivyo.
- "ATF": yale mekundu ya otomatiki, hata kama bwati yako ni ya mkono.

Sasa magari unayoweza kuyakuta mtaani.

Peugeot 404 na 504 zinatumia mafuta ya moteri kwenye bwati, unene wa 20W-40 au jirani yake. Mafundi wengi wanatia 90 ya gia kwa mazoea, kisha wanashangaa gia ya pili kuwa ngumu asubuhi. Ukipata 20W-50 ya madini kwa hali ya hewa yetu, inatosha. Lakini po ya 404, kama ya 403 kabla yake, ni jambo la kuangalia kwa makini sana: ina gia ya skrubu inayozungusha gurudumu la bronzi. GL-5 humo ni sumu. Inataka mafuta ya gia za skrubu, na karatasi ya mtengenezaji lazima iseme waziwazi kwamba hayadhuru bronzi. Ukikosa, bora gari lisimame wiki mbili mpaka mtu ayalete kutoka nje kuliko kujaribu kilichopo.

Mercedes W123 ya bwati ya mkono inataka ATF kwenye bwati. Ndiyo, mekundu. Po yake inataka GL-5 ya 90. Ukibadilisha kwa kuchanganya viwili hivi, utaharibu vyote.

Land Rover Series II, IIA na III: 80W-90 GL-4 kwenye bwati na transfa. Nunua lita 1.5 za bwati, lita 2.5 za transfa, lita 1.75 kwa kila po ya aina ya Rover, na nusu lita kwa kila mpira wa gurudumu.

Land Cruiser ya familia ya 40: GL-4 ya 90 kwenye bwati na transfa, GL-5 kwenye po zote mbili. Ni gari rahisi kwa jambo hili, mradi usitumie bidoni moja kwa kila kitu.

Coccinelle: 80W-90 GL-4, lita 2.5 baada ya kumwaga. Citroën 2CV: EP 80 yenye GL-4, lita 0.9 tu, bidoni moja la lita linabaki na kidogo cha kuongezea.

MGB na Morris Minor, kwa wachache waliobaki nazo: mafuta ya moteri kwenye bwati.

4. Chagua GL kwa kufuata metali. Kanuni ya kazi: kama kuna sinkro za shaba, unataka bidoni lililoandikwa GL-4 peke yake. Bidoni lililoandikwa "GL-4/GL-5" lina dawa ya kiwango cha GL-5. Lichukue kama GL-5, mpaka karatasi ya mtengenezaji iseme linafaa kwa bwati zenye sinkro. "MT-1" isikudanganye pia. Hiyo iliandikwa kwa bwati za malori makubwa zisizo na sinkro, zile unazoziona zikipanga foleni barabara ya Kasumbalesa.

Ukiweza kupata karatasi ya ufundi ya mafuta hayo, tafuta mstari wa kipimo cha kuliwa kwa shaba. Matokeo huandikwa kwa namba na herufi. 1a na 1b ni nzuri kwa sinkro. Ikianza na 2, fikiria tena. Ikianza na 3, hayo ni ya po.

Kama po yako ina mfumo wa kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure, GL-5 ya kawaida itaifanya itetemeke na kugonga kwenye kona. Tafuta bidoni lenye alama ya LS.

5. Chagua unene kwa kuangalia mji wetu. Herufi W inahusu baridi: 75W imepimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwa 26 chini ya sifuri, 85W kwa 12 chini ya sifuri. Lubumbashi ipo kwenye mita kama 1,200, na alfajiri za mwezi wa sita na wa saba ni za koti, lakini haifiki huko hata kwa mbali. Kulipia 75W-90 ya sintetiki kwa bwati ya mwaka 1965 ni kutupa pesa, tena mafuta hayo mepesi hupata njia ya kutokea kwenye jwe (sili za kuzuia mafuta yasivuje) za zamani. 80W-90 ya madini inakutosha mwaka mzima pale kitabu kilipotaka 90.

85W-140 iache kwa po zilizochoka zinazobeba mzigo mkubwa kwenda Likasi au Kolwezi wakati wa joto la mwezi wa kumi. Usiitie kwenye bwati kwa nia ya kunyamazisha kelele. Asubuhi ya baridi sinkro haitaweza kuusukuma unene ule, utalazimisha mkono, na utamaliza kilichokuwa kimebaki.

6. Nunua kwa macho. Bidoni liwe na kifuniko kisichowahi kufunguliwa, lebo iliyonyooka, namba ya toleo iliyochapishwa kwenye plastiki au kwenye lebo. Mafuta ya dramu yanayouzwa kwa kipimo yana jina moja tu, "ya 90", na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui GL yake. Kwa po ya lori labda. Kwa sinkro zako, hapana. Duka likiwa na mabidoni ya Kifaransa kutoka Ulaya na ya Kiingereza yaliyoingia kupitia Zambia, soma lebo ya nyuma, kwa sababu GL huandikwa hapo kwa herufi ndogo, na lebo ya mbele inaweza kufanana kabisa kwa bidhaa mbili tofauti.

Ongeza lita moja juu ya hesabu yako. Nyingine itamwagika, nyingine utaihitaji baada ya kuendesha.

7. Fungua bushoni ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Hili ndilo kosa linalowaacha watu na gari lisiloondoka. Ukimwaga kwanza kisha ukakuta bushoni ya kujazia imeganda au tundu lake limeliwa, huna mafuta na huna njia ya kuyatia. Piga mafuta ya kulegeza, ngoja usiku mmoja, gonga kidogo kwa nyundo, kisha zungusha. Ikikataa, usilazimishe, fundi wa kuchomelea anaweza kubandika nati juu yake na joto lenyewe litailegeza.

Na hakikisha unafungua bushoni ya kweli. Ubavuni mwa bwati nyingi kuna boliti zinazoshika springi na vidude vya kuelekeza vijiti vya gia. Ukifungua mojawapo, kidude kinaweza kuangukia ndani, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku tatu.

8. Mwaga mafuta yakiwa na moto, kisha uyasome. Endesha kilomita 10 hivi, simama mahali palipo tambarare, zima, ngoja dakika chache ili usiungue. Inua gari likiwa sawa mbele na nyuma. Likiinama, nusu ya uchafu inabaki ndani. Mwaga kwenye beseni na uache yachuruzike nusu saa.

Sasa angalia. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bushoni ni wa kawaida. Mafuta yanayong'aa kama yana vumbi la dhahabu yanakuonyesha sinkro inayoliwa. Mara nyingi aliyetangulia alitia GL-5. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi, na hapo vidanji (kubadilisha mafuta) haitoshi. Rangi ya maziwa ni maji. Ukikuta unga wa mbao, mtu alitaka kukuuzia gari lenye kelele bila wewe kuisikia. Ni ujanja wa zamani, na bado upo.

Usioshe ndani kwa petroli, mafuta ya taa wala mazuti (dizeli). Hubaki kwenye mashimo ya beringi na kuyazimua mafuta mapya. Kama hujui kilichokuwamo, tia mafuta ya bei nafuu ya GL ile ile unayoitaka, endesha kilomita 500, umwage tena. Ndiyo kuosha kwenyewe.

Mafuta machafu yafunge kwenye bidoni. Ukiyatumia kupaka nguzo dhidi ya mchwa, iwe mbali na kisima, na usimwage kwenye mfereji.

9. Jaza mpaka yafike mdomoni. Safisha bushoni, weka rondela mpya, funga ile ya chini. Nyumba za aluminiamu hazipendi nguvu. Kaza mpaka rondela ibanwe, kisha kidogo tu zaidi. Bushoni zenye umbo la koni hazina rondela, na ukizikaza kwa bomba refu unapasua nyumba.

Sukuma mafuta mapya polepole kwa bomba mpaka yaanze kuchuruzika kutoka tundu la kujazia, gari likiwa tambarare. Kwa magari mengi hicho ndicho kipimo. Lita za kitabu ni za kununulia. Coccinelle ina tabia ya kutapika mafuta ikiwa umetia lita moja na nusu tu, kwa sababu yanachelewa kuenea hadi mbele. Ngoja dakika tano, endelea. Watu wengi wanafunga hapo na kuendesha na bwati nusu tupu.

Usijaze kupita mdomo kwa kudhani unaongeza ulinzi. Mafuta ya ziada yanapata joto, yanatoa povu, na yanatafuta njia kupitia jwe hadi kwenye diski ya ambreyaji (klachi).

Kabla hujatoka chini ya gari kwa mara ya mwisho, safisha tundu la kupumulia la bwati na la kila po. Udongo wetu mwekundu ukichanganyika na mafuta unakuwa tofali. Tundu likiziba, joto linasukuma mafuta nje kupitia jwe, nawe unabadilisha jwe nzima bila sababu.

10. Endesha, pima tena, andika. Kilomita 10 au 15, gia zote, kisha rudi upime. Angalia kila bushoni kwa tochi. Kisha andika kwa rangi kwenye chasi karibu na bwati: aina ya mafuta, tarehe, kilomita. Fundi atakayefuata hatakuuliza, atatia alichonacho. Maandishi yale ndiyo yatakayomzuia.

Baadaye badilisha kila kilomita 20,000 hadi 40,000, au miaka miwili kwa gari linalotembea Jumapili tu. Likivuka maji ya kufika kwenye po wakati wa mvua, usingoje tarehe. Legeza bushoni siku ile ile uangalie rangi.

Dawa za kuongeza

Chupa ndogo za "kurudisha nguvu ya bwati" ziache dukani. Nyingi zinaongeza utelezi, na utelezi ndio adui wa sinkro. Kama bwati ilihitaji dawa zaidi, kiwanda kingekuwa kimeiandika.

Ukiona hivi

*Gia ngumu asubuhi, nzuri baada ya kilomita tano.* Mafuta ni mazito mno. Hakikisha hukupewa 140, na kama ni Peugeot 404 au 504, hakikisha si mafuta ya gia.

*Gia inalia kwenye kubadilisha, hasa bwati ikiwa na moto.* Kwanza jaribu ambreyaji: moteri ikizunguka pole, kanyaga mpaka mwisho, hesabu hadi tano, ingiza gia ya nyuma. Ikilia, ambreyaji haiachii na mafuta hayana kosa. Ikiingia kimya, shuku GL-5 au sinkro iliyokwisha. Badilisha kwenda GL-4, endesha kilomita mia chache, usikilize. Pengine itatulia.

*Land Rover Series II au IIA inalia kwenye gia ya kwanza na ya pili.* Haina sinkro huko. Zipo kwa ya tatu na ya nne tu. Unatakiwa kukanyaga ambreyaji mara mbili. Hakuna mafuta ya kutibu hilo.

*Mlio wa kuvuma kwenye gia zote isipokuwa ya nne.* Katika bwati nyingi za vitesi vinne, ya nne inapita moja kwa moja bila kubebesha shafti ya chini. Mlio ukinyamaza hapo, beringi za shafti ya chini zimechoka. Pima kiasi cha mafuta kwanza, kisha jiandae kufungua.

*Mafuta yanapungua kwenye bwati ya Land Rover bila kudondoka chini.* Pima transfa. Kama yamezidi huko, jwe iliyo kati ya vyumba viwili imekwisha na mafuta yanahama.

*Kuvuja kumeanza baada ya vidanji.* Angalia rondela, kisha tundu la kupumulia, kisha kama ulijaza kupita kiasi. Jwe ya zamani iliyokuwa imezibwa na uchafu mgumu nayo hufunguka mafuta mapya yakiuosha, hasa kama ulihamia sintetiki. Rudi kwenye ya madini kabla ya kununua jwe.

*Maziwa.* Mwaga mara moja, tia mafuta ya nafuu, endesha kilomita 50, mwaga tena, kisha tia ya kudumu. Tafuta maji yalikoingilia: mpira wa mkono wa gia au tundu la kupumulia kwenye bwati, jwe za shafti kwenye po.

*Gia inajitoa yenyewe ukiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko.* Hapo tatizo ni springi za kushikilia vijiti, meno yaliyolika upande, au mpira wa kushikia bwati uliokatika. Anza na huo mpira, kwa sababu ni wa bei ndogo na unaonekana kwa kulala tu chini ya gari.